Ijumaa ya Mwanangu

Mimi nina hasira za karibu, na ubishi nimejaliwa. Mama mkwe wangu wa Msimbati naye hashindwi. Kila siku alinipigia simu kunisimulia ya kwao: nani kaja, kumepikwa nini, bahari imeamkaje. Mimi huku Mtwara mjini niliyaweka kwenye blogu ya ukoo, wasome walio mbali. Nilipochoka kufungua kurasa kwa mkono, nikaandika kiprogramu: ikifika saa sita usiku, kompyuta inafungua yenyewe ukurasa mpya wenye tarehe. Nilijiona fundi, jamani!

Kisha nikajifungua, Alhamisi, saa mbili usiku. Nikaiandika habari kwenye ukurasa wa Alhamisi, nikamsomea mama mkwe kwa simu.

"Mjukuu wangu kazaliwa Ijumaa," akasema.

"Mama, mimi ndiye niliyezaa!"

"Umezaa, sikatai. Lakini magharibi ilishaadhiniwa, siku ikageuka. Huo ulikuwa usiku wa Ijumaa. Nimeshawatangazia watu hapa mtoto wa Ijumaa, wewe unaandika Alhamisi?"

Nikamjibu kompyuta haijui magharibi. Akakata simu.

Siku tatu hakupiga. Kila nikiamka nakuta ukurasa umefunguliwa, tarehe juu, chini patupu. Roho iliniuma. Nimekulia bara, na miaka yote hii nilikuwa nazigawa siku zake kwa saa zangu bila kumuuliza. Nikaogopa kwamba akisusa moja kwa moja, blogu imekufa, na mimi nitabaki mgeni aliyeolewa na mwanawe.

Siku ya nne nikampakata mtoto, nikakifungua kiprogramu. Nikafuta saa sita usiku, nikaweka saa kumi na mbili na nusu jioni, na ukurasa uchukue jina la siku inayofuata. Habari ya kuzaliwa nikaihamishia Ijumaa. Loo, mistari miwili tu! Siku tatu tumenuniana kwa mistari miwili.

Jioni, adhana ilipokwisha, nikampigia mwenyewe.

"Umemwandika lini?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Ijumaa, Mama."

"Haya, yaliyopita si ndwele. Andika ya leo: mtoto hajambo, mama yake mbishi."

Nikaandika huku nacheka.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ongeza hapo: lakini ni mbishi wetu."