Dawa ya Kuharisha

Msimu wa karafuu za vuli watu walikuwa wakichoka mpaka ukiwasalimia wakuitikia kwa kichwa. Sasa nikisimulia nacheka, maana mie kusimulia nakupenda kuliko chai ya maziwa. Lakini siku zile, wallahi, hakuna aliyekuwa na nguvu za kucheka.

Miaka hiyo ni kabla ya mapinduzi. Siasa zilikuwa zimepamba moto, watu wa mtaa mmoja hawaendeani hata mazikoni, huyu hanunui dukani kwa yule. Lakini karafuu haina chama. Ikishaiva inakuita, nawe utakwenda. Alfajiri tushafika shambani, wanaume wako juu na kamba na makapu, sisi wanawake tunavuta matawi ya chini, tunaokota zilizoanguka. Jioni mnakaa kwenye jamvi kuchambua. Unashika kichala, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, kichala baada ya kichala, mpaka kiganja kimekuwa cheusi na sabuni haikitoi. Na ukianika, mvua ya vuli inakusubiri ulale kidogo tu. "Mvuaaa! Majamviii!" Basi mbio kuanua, una mimba au huna mimba, mzee au mtoto.

Kwetu ni Chokocho, lakini msimu ule tulihamia shambani huko juu, kibanda cha makuti, mie na mume wangu na mavyaa wangu, yaani mama yake mume, na mwanangu wa kwanza, mtoto wa kike, ndiyo kwanza anasimama dede. Anasimama, anachekacheka, anaanguka kwa matako, anasimama tena. Yeye peke yake ndiye alikuwa hachoki pale.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja wa kliniki, mkunga kutoka Unguja. Kliniki yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya mabati kando ya barabara, na kijana mmoja mtia dawa, ndiye wa kugawa dawa dirishani. Bibi yule kila msimu ukigeuka alikuwa anakuja kwa miguu kutupa habari. Masika atakuja na maneno ya mbu na homa. Kaskazi atakuja na maneno ya macho mekundu na vikohozi. Karafuu zikianza, maneno ni ya matumbo, na ya watu wanaoanguka mikarafuuni. Anakuja na mwavuli, buibui kalikunja mpaka kiunoni, viatu vyeupe kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Sisi tulikuwa tunampenda kwa sura na tunamcheka kwa maneno, maana Kiswahili chake cha Unguja kilikuwa kimenyooka kama uzi.

Siku hiyo katukuta tunachambua. Hatukusimama. Kakaa nasi jamvini, na yeye kashika vichala vyake, kasema huku anachambua, vibaya kwelikweli, makonyo yote kayachanganya.

"Jamani, kliniki imejaa watoto wa matumbo. Mnakunywa maji ya kijito, maembe yameanza, nzi ndio hawa. Maji yachemsheni."

"Kuni zimelowa, mwanangu," kasema mmoja.

"Basi chemsheni ya watoto tu. Na mtoto akiharisha, msimnyime maji. Mpeni ya kuchemsha, mpeni ya dafu, mpeni maji ya wali na chumvi kidogo, kidogo kidogo. Na ziwa msimkatie."

Mavyaa wangu kaweka kichala chini. Alikuwa mtu wa mwili mdogo, mdomo mkubwa, na mambo yote ya wana yalikuwa yake, kazaa na kazalisha. Kasema, "Mwanangu weye, mtungi ukiuona wavuja, wautia maji?"

Tukacheka wote, ijapokuwa tumechoka.

Bibi wa kliniki hakukasirika. "Nautia, Bi mkubwa, huku natafuta pa kuziba. Nisipoutia, nyumba nzima watalala na kiu."

"Basi huko kwenu Unguja mitungi yenu mibovu!"

Katwaa mwavuli wake kenda zake. Na maneno yake tukayaacha pale jamvini pamoja na makonyo.

Haukupita muda, mwanangu akaanza. Kwanza tukasema meno. Halafu tukasema jicho la watu. Tumbo linamwenda kama maji ya bomba, nguo nabadilisha mpaka sina ya kubadilisha, na kufua wapi na mvua ile? Mavyaa kashika amri. Kachemsha majani ya mpera, kamnywesha kidogo kwenye ncha ya kijiko, basi. Maji hapana. Ziwa hapana. "Ukimtia juu yatoka chini," anasema. Na mie nilikuwa na umri gani hata nimwambie mavyaa wangu neno? Maziwa yamenijaa kifuani yananiuma, mtoto ananitazama kifua, namgeuza uso kule.

Na kazi haikusimama. Namfunga mgongoni naokota karafuu, namfungua namfuta, namfunga tena. Mpaka asubuhi moja nikamsimamisha dede, hakusimama. Miguu ilikuwa kama kamba. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea unaweza kuweka kidole, na akilia sauti haitoki, anafungua mdomo tu.

Mavyaa kautazama ule utosi, na nikaona kaogopa. Yeye hakuwa mtu wa kuogopa. Kamwita mwanawe ateremke mkarafuuni.

Mume wangu alikuwa ntu wa maneno machache, na hayo machache ni ya kazi. Kateremka kasimama, mikono yanukia karafuu.

"Nenda hapo spitali," mamake kamwambia. "Katake dawa ya kuharisha. Maneno yao sitaki, dawa yao nataka. Dawa ya kuharisha, usikie, ya mtoto."

"Nimesikia."

Kenda mbio. Adhuhuri ishapita karudi, mvua imemlowesha, mkononi ana kikaratasi kimefungwa vizuri, kakiweka chini ya kofia kisilowe. Kufungua, ni kitu cheupe kama chumvi.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Kijiko kidogo, kwa maji." Kafikiri kidogo. "Na kasema asende mbali na choo."

"Mwana wa dede aende mbali wapi?" kasema mavyaa. "Watu wa spitali hawa!" Kaikoroga kwenye kikombe, kamshika mtoto, kamtia kijiko kimoja. Mtoto kakunja uso wote, kameza kidogo, kidogo kakitema. Sasa mavyaa alikuwa na desturi yake, dawa haimwagwi, kilichobaki kijikoni anakilamba mwenyewe, baraka isipotee. Kalamba.

Kalamba tena.

"Haluli," kasema.

Haluli kila ntu kwetu alikuwa anaijua. Ni chumvi ya kuendesha tumbo. Msimu wa karafuu ukimalizika, au Ramadhani ikikaribia, mnakunywa nyumba nzima mkaoshe matumbo, na siku hiyo chooni mnapangana foleni, mkubwa na mdogo, anayetoka anamwambia anayeingia pole.

"Haluli hii!" kapiga kelele. "Mie haluli naijua kama ninavyomjua marehemu baba yako! Uliwambia nini?"

"Niliwambia nataka dawa ya kuharisha."

"Nao?"

"Wakaniuliza, ya kuharisha? Nikasema naam, ya kuharisha, ya mtoto. Wakasema ipo."

"Ndiyo wakupe ya kumuharisha? Ntu anayeharisha?"

"Hawakuniuliza nani aharisha, mama. Na weye ndivyo ulivyonituma. Dawa ya kuharisha."

Nakwambia, mume wangu hakusema uongo. Maana maneno ndiyo hayohayo. Dawa ya homa yaondoa homa, dawa ya kikohozi yaondoa kikohozi, lakini dawa ya kuharisha yaweza kuwa hii, yaweza kuwa ile. Na kwetu anayekwenda kutaka dawa ya kuharisha, mara nyingi ni haluli anayoitaka.

Mavyaa hakukubali kuwa ni maneno. "Wa chama kile huyo mtia dawa! Kakuona sura kakujua mwana wa nani! Wataka kutumalizia kizazi!" Huku anavaa kanga yake mpya, maana kwenda barabarani na kanga ya makonyo hawezi, hata kwa ugomvi. "Mtwae mtoto, twende."

Mume wangu kabaki kuanua karafuu, asingezianua zingeoza zote. Tukatoka wawili. Mie nimempakata mtoto kifuani, mavyaa nyuma yangu kashika jani la mgomba juu ya kichwa cha mtoto, yeye mwenyewe mvua inamchapa. Tope mpaka ugokoni. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri, sijala kitu, miguu ilikuwa inakwenda yenyewe kama si yangu. Kila hatua kadhaa namwekea mtoto sikio puani nisikie pumzi. Mavyaa anatukana chama kile njia nzima, na nikifikiri sasa, nadhani ndivyo alivyokuwa anajizuia asilie.

Kliniki imejaa watu, wako waliokuja kwa mashua kutoka Makoongwe. Mavyaa kapita katikati yao moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la dawa.

"Weye! Ntu akija kukutaka dawa ya kichwa, wampa ya kumuuma kichwa?"

Mtia dawa kashituka. "Shikamoo, Bi mkubwa. Kuna nini?"

Kamtupia kikaratasi. Kijana wa watu kakitazama, kamtazama mtoto kifuani pangu, na rangi ikamtoka. "Lakini alisema dawa ya kuharisha... mie nikajua..."

"Ulijua nini? Haya ionje dawa yako, ionje watu waone!"

Bibi wa kliniki katoka ndani kwa ile sauti. Hakuuliza chama, hakuuliza nani kakosa. Kamfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Kameza kiasi gani?"

"Kijiko," nikasema. "Nusu kaitema."

"Na maji mmempa?"

Nikatazama chini. Mavyaa katazama ukuta.

"Kakojoa lini?"

Hapo hata sisi wenyewe tulitazamana. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tunahesabu yanayotoka kwa nyuma tu, hayo mengine hatukuyafikiri.

"Msipomtia maji, leo hii tutampoteza," kasema, kwa sauti ya chini, kama mtu naye aliyechoka. "Mkono wa kulia kijiko, mkono wa kushoto kikombe. Kijiko, ngoja kidogo, kijiko tena. Akitapika ngojeni, muanze upya. Msiache mpaka akojoe."

Tukawekewa mkeka barazani, kikombe cha maji ya dafu yenye chumvi kidogo. Nikaanza mie. Mtoto hataki, yanamwagika shavuni. Kijiko. Ngoja. Kijiko. Macho yakaanza kufunga yenyewe, maji nusu yanaingia mdomoni, nusu yanaingia shingoni. Mavyaa kanitazama, kanitazama, halafu kaninyang'anya kijiko.

"Lete. Weye mpe ziwa, mie nampa maji."

Nikampa ziwa, alivyolishika nililia. Mavyaa anatia kijiko baina ya mnyonyo na mnyonyo, midomo yake mwenyewe inafunguka kila mtoto akifungua. Kikombe kikaisha, kikaja kingine. Watu wa Makoongwe wameondoka. Ikafika mahali mavyaa kanitoa mtoto mikononi, kamlaza mapajani mwake, mie nikaegemea nguzo, na ushahidi wangu wa saa ile umeishia hapo, usingizi ulinichukua nimekaa.

Nimeamshwa na ukelele. Nikajua basi, kashakufa.

"Kanikojolea! Njooni! Kanikojolea!"

Nikafungua macho. Mavyaa kamwinua mtoto kwa mikono miwili, kanga ile mpya imelowa kutoka paja mpaka chini, inachuruzika barazani, naye anaitazama kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka Maka. Mtoto analia, na sauti ile ilitoka, tena ya hasira. Mtia dawa katoa kichwa dirishani. Bibi wa kliniki kaja mbio, katia mkono kwenye kanga kaipapasa, kisha kakaa chini palepale mkekani kama aliyekatwa miguu.

"Alhamdulillahi. Hongera, Bi mkubwa."

"Dawa gani umenitilia mle kikombeni?" mavyaa kamuuliza.

"Maji tu, Bi mkubwa. Na chumvi kidogo."

"Maji tu," karudia, polepole.

Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Bibi wa kliniki kamwambia, "Kuna pipa la maji nyuma ya nyumba, Bi mkubwa. Kajitoharishe, nitakuazima kanga."

"Sitaki. Ngoja kwanza, aone na baba yake."

Na baba yake ndiyo alikuwa anatokea barabarani, tope mpaka magotini, karafuu keshazianua. Mamake hakumsalimu. Kamnyoshea pindo la kanga lililolowa. Mume wangu kalishika, kalinusa, kamtazama mtoto anavyopiga kelele, halafu kakaa kwenye kizingiti, pindo bado kalishika mkononi.