Samaki wa Nyamitaba Hawakuuawa na Vita

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kazi. Nilikuwa nimeajiriwa katika kituo cha ufugaji wa samaki cha Nyamitaba kama mfagiaji, na nilitaka waone kwamba mimi si mvivu. Nikafagia, nikadeki, kisha nikaliona lile aquarium, yaani sanduku kubwa la vioo ambamo tilapia wazazi walikuwa wanaogelea. Chini yake kulikuwa na mawe yenye utelezi wa rangi ya kahawia. Nikaona haya kwa niaba ya kituo. Nikatoa nusu ya mawe yale, nikayasugua kwa brashi mpaka yakang'aa.

Mkuu wangu wa kwanza, tuliyemwita Papa Ingénieur, yaani Baba Mhandisi, mtaalamu mwembamba wa kilimo aliyevaa buti za mpira hata ofisini, akanikuta nikiyapanga.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimesafisha, Papa Ingénieur."

"Umeniulia batumishi!" Akachukua jiwe moja ambalo sikuwa nimeligusa, akaliweka mkononi mwangu. "Shika. Mu ile utelezi njo muko batumishi yangu. Beko wengi kupita sisi wote, na hawaombi kongé ya kupumzika hata siku moja."

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi vijana mnaonunua samaki wa barafu waliofungwa sandukuni kutoka mbali na kudhani wamejileta wenyewe. Samaki hula na kunya ndani ya maji yale yale. Uchafu wao hugeuka sumu isiyoonekana. Ndani ya utelezi wa mawe mnaishi vijidudu vidogo mno, navyo ndivyo vinavyoila sumu ile. Ukisugua jiwe, umewafukuza watumishi wote. Maji yatabaki meupe ya kupendeza, na samaki watakufa humo.

Kwa nini tuliwaweka ndani ya nyumba? Kwa sababu milima yetu ya Masisi ni baridi, na tilapia akisikia baridi hataki kuzaa. Nyumba ilikuwa na madirisha makubwa upande wa jua. Kulikuwa na turbine ndogo kwenye mfereji, ya kutoa umeme, na umeme ule uliendesha pampu ya kupulizia hewa ndani ya maji. Turbine ikisimama, tuliwasha groupe, yaani jenereta ya akiba, iliyopakwa rangi ya kijani, na mshikio wake umefungwa kwa waya. Papa Ingénieur alinifundisha kusikiliza. Pampu ikivuma, samaki wanapumua. Ikinyamaza, kimbia. Baada ya mwaka alininyang'anya ufagio, akanifanya mlinzi wa wazazi.

Halafu vita vikaja karibu. Papa Ingénieur akaitwa mjini, akaondoka na begi moja. Mahali pake wakaleta Chef de station, mkuu mpya wa kituo. Huyu alikuwa mtu wa viatu vilivyong'arishwa na hotuba. Samaki kwake walikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Nasema hivyo bila kumwonea, maana nilifanya kazi chini yake miaka minne na sikuwahi kumwona akiloweka hata kidole.

Wakati huo familia za vilima vya jirani, wakulima, watu wa kanisa, walikuwa wamechimba mabwawa kwa majembe yao. Ng'ombe wao walikuwa wameibwa na mashamba ya mbali hayaendeki tena. Waliyachimba mabwawa nyuma ya nyumba ili watoto wapate nyama bila mtu kuvuka kilima. Walichosubiri kilikuwa kitu kimoja tu, vifaranga vya samaki kutoka kwa wazazi wangu arobaini. Kila asubuhi nilipita kando ya mabwawa yale yaliyojaa maji matupu, na akina mama waliniuliza, "Sifa, bado?" Nami nilijibu, "Bado kidogo."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo uongo ulipoanzia. Mtu wa kusafisha mfereji alikimbia risasi, mfereji ukajaa matope, turbine ikasimama. Hiyo ni kazi ya vita, nakubali. Lakini groupe ilikuwepo. Mafuta yalikuwepo. Siku mbili groupe ikafanya kazi bila shida.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Chef alikuwa na sikukuu ya komunyo ya kwanza ya binti yake, na wafanyakazi wote tulialikwa. Asubuhi kabla ya misa niliwaangalia samaki, pampu ilikuwa inavuma. Baada ya misa nilikwenda moja kwa moja kwa Chef. Muziki ulikuwa unapigwa, bia ni baridi, nikapewa sahani ya wali na kuku. Nilikuwa nimekula nusu ndipo nikasikia mngurumo nyuma ya jikoni. Nikaujua ule mngurumo jinsi mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Nikazunguka jikoni na sahani mkononi, nikaiona, ya kijani, mshikio umefungwa kwa waya.

Nilimfuata Chef katikati ya wageni. "Chef, samaki hawana hewa!"

"Mama Sifa, usinipatie haya mbele ya batu. Saa mbili tu, haina neno. Samaki iko mu maji, itakosa nini?"

Nikaacha sahani chini, nikakimbia. Kutoka mlangoni nilisikia kimya. Walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanameza hewa, na wengine walikwisha kugeuka tumbo juu. Nilichukua ndoo, nikachota maji na kuyamwaga kutoka juu, nachota namwaga, ili yachukue hewa yanapoanguka. Mabega yaliwaka moto. Nilimwaga mpaka jua likashuka, ndipo wakarudisha groupe, na aliyeibeba alikuwa amelewa. Kati ya wazazi arobaini walibaki kumi na tisa.

Nililia, ndiyo, lakini zaidi nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Mngedhani Chef aliona aibu. Kesho yake aliingia na habari kwamba wageni kutoka mjini wanakuja Alhamisi kuangalia hasara.

"Ile sanduku inanuka. Toa mawe yote, sugua na Javel. Minataka ikuwe safi."

"Chef, mawe hazisuguliwe. Papa Ingénieur alisema—"

"Papa Ingénieur iko wapi? Mimi njo Chef. Ao unataka kurudia ku ufagio?"

Sasa ninasema jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Nilijua. Hakuna mtu katika Masisi nzima aliyejua kunizidi. Na nilisugua. Niliogopa kufukuzwa, nina watoto watatu, kila barabara ina watu wenye bunduki. Nilisugua kila jiwe kwa Javel, dawa ile kali ya kung'arisha nguo nyeupe, nikasuuza mara tatu kana kwamba kusuuza kungewafufua watumishi wale. Alhamisi wageni walisifu usafi. Ijumaa samaki wakaanza kufa katika maji meupe ya kupendeza. Jumapili iliyofuata walikuwa saba.

Chef akaandika ripoti, nami niliisoma kabla haijaondoka. Iliandikwa kwamba wazazi thelathini na watatu wamekufa "kwa sababu ya vita". Mjini walimpa pole. Akina mama wenye mabwawa matupu nao wakampa pole! Katika miaka ile ukisema vita, hakuna aliyekuuliza swali la pili. Daraja halikutengenezwa, ni vita. Mwalimu hakuja, kumbe yuko kwenye pombe, ni vita. Vita vilituua kweli, nimezika ndugu, siwezi kuvitetea. Lakini kuna watu walivifanya pazia, wakajificha nyuma yake na uvivu wao.

Saba wale niliwahamishia kwenye pipa lililokatwa, nikaanza upya. Nilikwenda kijitoni kutafuta mawe yenye utelezi, nikayabeba yamefungwa katika majani ya mgomba mabichi ili yasikauke. Nikasubiri majuma sita watumishi wazaliane, nikiwalisha samaki kidogo mno. Vioo vya sanduku la zamani vilikuwa vimepata ufa. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki mwenye duka na lori, alinipa vioo vya kabati lake la dukani lililovunjwa na waporaji.

"Mama Sifa, nitakuletea na groupe mupya," akasema.

"Hapana, Papa. Uniletee tiyo. Groupe ina miguu."

Alicheka sana. "Sawa, lakini Ijumaa ya kwanza, samaki ni yangu."

Akaleta tiyo, yaani bomba refu la plastiki, na mapipa mawili. Mapipa niliyapaka rangi nyeusi, nikayaweka kwenye mteremko juani, maji ya chemchemi yakiingia baridi na kutoka vuguvugu. Kutoka hapo yalishuka yenyewe, yakapita katika sanduku la kokoto zenye utelezi, kisha yakaanguka ndani ya aquarium kutoka urefu wa mkono, na kule kuanguka ndiko kulikoleta hewa. Yaliyozidi yalitoka kwenda bwawani. Hakuna pampu, hakuna mafuta, hakuna cha kuazimwa kwa sikukuu. Mwezi wa tano jike mmoja akabeba mayai mdomoni, kama tilapia wanavyoatamia. Bwawa la kwanza la jirani likapata vifaranga, na yule mfanyabiashara wa Butembo akapata samaki wa Ijumaa yake.

Mapigano yalipofika Nyamitaba kwenyewe nilikimbia na samaki katika bidoni, yaani dumu la plastiki, na mawe katika majani. Kashuga, katika kambi ya wakimbizi, niliwafuga katika nusu ya pipa nyuma ya hema. Baadaye nikahamishiwa kituo cha Walikale, chini ya mkuu aliyeitwa Superviseur, mtu mwema asiyesema sana. Kule joto lipo, tilapia wanazaa wenyewe, taabu ni matope ya machimbo. Mashimo ya Omate yalichafua mito, na wachimbaji walewale walikuja kuniomba samaki. Nilijenga masanduku manne kwa mtindo wangu. Yote yalitiririka bila umeme mpaka nilipostaafu.

Siku ya kuniaga walileta mkubwa kutoka mjini. Nilipomwona akishuka garini nilitazama viatu kwanza, viling'aa. Alikuwa yeye. Akasoma karatasi yake: vita iliua samaki wa Nyamitaba, Mama huyu akaokoa saba. Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Chef, mimi njo nilisugua mawe na Javel. Nilijua na nilifanya. Samaki kumi na mbili iko ju yangu. Nimesema ya kwangu. Ile ingine makumi mbili na moja, ile Jumapili, groupe ilikuwa wapi?"

"Mama, tuache ya zamani. Ilikuwa vita."

"Ilikuwa komunyo, Chef. Na mimi nilikula wali."

Akakunja karatasi, akakaa. Superviseur alikohoa, akaagiza soda zigawiwe.

Brevet yangu, yaani cheti cha shukrani, waliniletea nyumbani baada ya wiki, imeandikwa kwa mkono, wino wa buluu: "aliokoa samaki walioangamizwa na vita." Niliisoma mara mbili. Kisha nikachukua pamba na Javel, nikalisugua neno "vita" taratibu mpaka karatasi ikawa nyeupe, nikaacha ikauke juani, nikaandika pale kwa mwandiko wangu: "Chef na mimi".

Imetundikwa ukutani. Wageni husoma, huniuliza, nami huwaeleza.