Daktari Apandaye Mizani Kwanza

Daktari wa watoto hampimi mtoto uzito kabla hajajipima mwenyewe. Huvua viatu, huweka mezani saa, kalamu tatu na miwani, huvuta tumbo ndani, kisha hupanda mizani kwa kunyata kana kwamba imelala. Bila miwani haoni kitu, kwa hiyo mtoto ndiye humsomea. “Tisini na mbili!” “Punguza sauti, nesi atasikia.”

Lakini leo msichana wa miaka tisa, ambaye shuleni wanamwita Tangi, aliukumbatia mlango. “Mtanicheka.” Daktari alijua kuwa kicheko kimoja tu kingemfanya asirudi tena. “Haya, sote ukutani!” Yeye, nesi na bibi wa mtoto wakageukia ukuta, pua zikigusa rangi. “Bibi, unachungulia!” “Shingo inaniuma tu, mjukuu wangu.” Mizani ikalia. Msichana akaja akamvuta daktari koti, akamnong’oneza namba. Daktari akaiandika vilevile, karatasi ikiwa ukutani, bila kugeuka.

“Siri yetu,” akanong’ona naye. “Sasa niambie, kwa siku unakunywa soda ngapi?”

Msichana akafikiri. “Nikiwa kwa Mama, au nikiwa kwa Bibi?”