Mwakilishi wa Baba

Jirani yangu hapa Bombambili, Baltazar, alikaimu ukuu wa idara kwa miaka minne, na kukaimu kukamwingia mwilini. Hata nyumbani alikuwa baba wa kukaimu. Watoto walimwona asubuhi akitafuta funguo, na Jumapili akiongea na simu nje ya kanisa. Mkewe Odilia akimuuliza atarudi saa ngapi, alijibu, "Kikao kikiisha." Sijui kama kuna kikao kilichowahi kuisha.

Mwaka jana binti yao Rosemary alimaliza darasa la saba. Siku ya mahafali kila mhitimu huitwa jina, na mzazi hutoka akicheza kwenda kumvisha shada la maua. Rosemary alimwambia baba yake wiki tatu kabla. "Shada nataka univishe wewe, baba, si mtu mwingine." Baltazar akaandika tarehe kwenye daftari lake la vikao, tena kwa wino mwekundu. Mtu makini sana.

Asubuhi ya mahafali wakubwa wakaitisha kikao cha dharura. Cheo kilikuwa karibu kuthibitishwa, angekosaje? Akafanya anachofanya kazini akibanwa: akatuma mwakilishi. Jina la Rosemary likaitwa, akatoka Sefu, dereva wa idara, kashika shada kama tairi la spea. Hakucheza.

"Baba yako amepata udhuru," alimwambia. "Amenituma nimwakilishe."

Rosemary akainamisha kichwa, akavishwa. "Shikamoo, anko," akasema. Mimi nilikuwa mstari wa pili, na nilikasirika. Kesho yake Baltazar akaniuliza kama shughuli ilikwenda vizuri. Nikamwambia mwakilishi alijitahidi.

Mwezi wa kumi na moja barua ya cheo ikafika. Likafungwa turubai, ukapikwa pilau, na ratiba akaiandika mwenyewe: saa nane kamili, binti kumvisha baba shada. Saa nane mshereheshaji akamwita Rosemary. Baltazar akasimama, koti kafunga vifungo vyote, anamtazama mpiga picha.

Akatoka Sefu.

"Rosemary yuko kwa bibi yake kule Matogoro, bosi," alisema, macho chini. "Amepata udhuru. Amenituma nimwakilishe."

Baltazar akainamisha kichwa, akavishwa. Shada lilikuwa lile lile la mahafali. Tukapiga makofi, maana ndivyo ratiba ilivyosema.