Shikamoo ya Fainali

Niliporudi Dodoma na stashahada yangu ya elektroniki, nilifungua ukumbi wa gemu Makole kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili. Kwenye gemu la Kombe la Afrika hakuna aliyewahi kunifunga. Siku moja binamu yangu wa Chemba, niliyemzidi miaka sita, akanitania mbele ya wateja: "Mtaalamu, leo atakayefungwa amwamkie mwenzake shikamoo."

Msomi kama mimi nimwamkie yeye? Nilikubali, nikijua haitatokea.

Dakika ya themanini na tisa ya fainali tulikuwa sare. Sheria niliyoibandika ukutani mwenyewe ilikataza kusimamisha fainali. Mara mama mkwe wangu akaingia, kanga begani, ametoka Msalato kutusalimia. Mkwe hasalimiwi umekaa. Niliweka pedi ya kuchezea chini, nikasimama, nikamwamkia. Nyuma yangu ukumbi ukalipuka.

"Gooo! Haya, bwana stashahada, nasubiri!"

Nilimgeukia binamu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mama mkwe alimtazama binamu, akanitazama mimi. "Kumbe huyu ndiye mkubwa wenu?"