Pine za Kumshusha Nyogokuru

Msimu ule nyumba yetu ya Katindo ilinuka mpira mpya. Wezi wa Goma hawalali, kwa hiyo Papa alizilaza pine nne, matairi ya gari, sebuleni, moja juu ya nyingine, na Mama akazifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma kana kwamba ni meza ya wageni. Harufu yake iliingia katika ugali, katika visamaki vya sambaza vya kukaanga, katika sare yangu ya shule. Hata kanisani nilinusa kiganja changu nikaikuta. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na kwangu hiyo ilikuwa harufu ya bibi yangu anayekuja.

Bibi, tuliyemwita Nyogokuru, aliishi juu katika milima ya Masisi. Nyonga yake ilikuwa imevunjika na kuunga vibaya. Hakuweza kutembea, wala kukaa juu ya pikipiki. Kila Jumapili waliotoka mlimani walisema mapigano yanasogea. Cha kumshusha kilikuwa kimoja tu: gari la marehemu babu, lililobeba madumu ya maziwa tangu kabla Papa hajazaliwa, na ambalo sasa lilisimama uani juu ya mawe ya lava, pine zake zimechanika kama visigino vya mkulima.

Papa alikuwa amehangaika sana kuzichagua pine zile. Sokoni zilikuwapo pine za aina ya zamani, zilizovuliwa kwenye malori: nyuzi zake zimekatizana ndani kama ukili wa mkeka, ubavu mgumu usioogopa jiwe, lakini kila shimo hulipeleka moja kwa moja kiunoni mwa abiria. Zilikuwapo pia za kisasa, radiale, ambazo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, ubavu ukabaki laini na kuumeza mtikisiko. Papa alizibonyeza zote kwa kidole gumba, akafumba macho, akasema, “Hizi laini. Ile nyonga haitaweza zile zingine.” Alichagua kama mtu anayechagua godoro la mgonjwa.

Siku ya kuzivisha, uani palijaa watu, maana mtaani kwetu gari likiguswa, kila mpita njia huona ni wajibu wake kupiga pine teke na kutoa shauri. Gari liliposhushwa chini, pine zikafutuka ubavuni.

“Papa Eliya!” jirani yetu Papa Shukuru, dereva wa lori, akamwita baba yangu. “Bamekuuzishia pine iko na mimba! Utaizalishia wapi, Sake njiani?”

Watu wakacheka mpaka Mama akatoka jikoni. Papa akajitetea kwamba zimeumbwa laini.

“Laini ni ya kitanda, muzee. Kwa mawe yetu, pine ya laini ni maiti. Ongeza mupepe!”

Kwa yote aliyoyajua Papa Shukuru, alikuwa sahihi. Goma imekaa juu ya lava, na pine ya aina ya zamani ikikosa hewa hubanwa kati ya jiwe na chuma ikachanika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba radiale huzaliwa na tumbo lile, na kwamba ulaini wake uko humo, nayo ikijazwa hewa kupita kiasi hupasuka. Penye wengi hapaharibiki neno, Mama alisema. Basi wengi wakapokezana pampu, wakiimba, mpaka matumbo yakaisha na pine zikasimama ngumu kama ngoma. Papa akabonyeza tena. Kidole hakikuingia. Alinitazama mimi, sijui kwa nini, kisha akamshukuru kila mtu.

Mimi na Papa tuliondoka asubuhi. Godoro la Nyogokuru lilikuwa nyuma, nami nimelilalia ili lisiruke, tukaruka pamoja. Tulipopita Sake na barabara kuanza kupanda, pine moja ilipasuka kwa kishindo kilichowafanya watu waliokuwa wakishuka na mbuzi wao walale chini. Papa akafunga ya akiba. Mbele kidogo, juani, ikapasuka nyingine, nasi hatukuwa na ya kubadilisha.

“Papa, rudi,” mwanamke mmoja aliyebeba masufuria kichwani alimwambia. “Kule juu banafunga njia.”

“Mama yangu iko kule.”

“Sisi wote tuko na bamama, Papa.” Akaendelea kushuka.

Papa akampigia simu Nyogokuru. Alimweleza habari za pine, polepole, kama mtoto anayeeleza chungu kilichovunjika. Nilisikia sauti ndogo ya bibi ikiuliza, “Mutoto wangu, umekula?” Papa alikaa juu ya jiwe akitazama mlima uliokuwa karibu kiasi kwamba tuliona moshi wa majiko. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini yetu hatukuona hata nani aliyeyamwaga, maana kila mtu uani alikuwa ameishika pampu. Tuliliacha gari palepale, tukarudi Goma juu ya lori la makaa. Jioni ile njia ikafungwa. Nyogokuru alifariki kabla haijafunguliwa, na majirani zake wa mlimani wakamzika.

Leo Goma imejaa pine za radiale, matumbo nje, na hakuna anayezicheka. Mimi nina gari langu. Pine zake nilizichagua mwenyewe, najua hewa zinayoihitaji barabarani na ile zinayoihitaji kwenye mawe, na nilimwahidi Papa kwamba tutapanda kumsimikia mama yake msalaba. Amezeeka. Kila Jumamosi huvaa koti lake, huketi mlangoni na kuniuliza, “Njia iko namna gani?” Nampigia simu binamu aliyeko Sake, nasikiliza, narudi mlangoni.

“Imefungwa, Papa.”

Anavua koti.