Kiti cha Mbele

Watu wa Mbeya wakisikia nimefika Saigon, kule Vietnam, huniuliza nilikwenda kupigana na nani. Sikupigana na mtu. Nilikwenda kumenya viazi. Miaka ile ya hamsini nilikuwa msaidizi wa jikoni katika meli ya mizigo iliyokwenda kule kupakia mchele. Mpishi mkuu alituruhusu kushuka siku moja, mimi na mwenzangu wa Ilula, kwa sharti turudi kabla ya honi ya saa kumi. "Msizurure mjini," alituonya. "Kaeni hapo getini. Mtu wa jikoni hana cha kutalii."

Hana cha kutalii! Nilivaa kanzu yangu ya Idi, nikaweka kofia sawasawa, nikamwambia mwenzangu leo tutauona mji huu mpaka utuchoke.

Na tuliuona, wallahi. Barabara pana, miti mirefu, baiskeli chungu nzima zinapishana bila kugusana. Kulikuwa na baiskeli za magurudumu matatu ambazo abiria hukaa mbele na mwendeshaji nyuma. Mwenzangu akasema hiyo ni akili, wakigonga ukuta anaanza tajiri. Alikuwa Mhehe wa kusalimu kila kiumbe. "Kamwene!" alimwambia askari, akamwambia muuza samaki, akawaambia hata bata waliofungwa miguu sokoni. Kwenye kanisa la matofali mekundu lenye minara miwili aliingia kusali, nami nikamngoja ngazini. Watu waliniangalia. Niliwaangalia vilevile, macho kwa macho.

Mchana kiu ikatushika. Palikuwa na mkahawa pembeni mwa barabara, watu wamejaa viti vya mbele wanakunywa kahawa. Sasa sikilizeni nilichofanya, maana mpaka leo kinanitia hasira. Mimi niliyejitapa asubuhi sikusimama pale mbele hata kidogo. Miguu yangu yenyewe ilizunguka nyumba, ikapita uchochoroni kwenye ndoo za maji machafu, ikitafuta kidirisha. Mwenzangu alinifuata bila kuuliza. Naye alijua tunatafuta nini.

Hoteli ya Wazungu pale kwetu Mbeya ilikuwa na kidirisha nyuma, cha watu weusi. Baba yangu aliuza vitambaa na mji mzima ulimpa shikamoo, lakini alipenda mikate ya hoteli ile. Kila Jumamosi alipiga kanzu pasi, akapita mlango wa mbele bila kugeuza shingo, akaenda nyuma karibu na jalala, akagonga na kungoja. Mimi nilikuwa namfuata tangu sijaota meno ya utu uzima. Nikiuliza, alijibu, "Mkate ni uleule."

Saigon hakukuwa na kidirisha. Kulikuwa na jiko, na bibi mmoja, mwenye mkahawa, aliyetukuta tumesimama kwenye masufuria yake huku nimenyoosha mkono wenye pesa. Alishangaa, akacheka, halafu akakasirika. Hatukuelewana hata neno. Alinikamata mkono wa kanzu, akanivuta katikati ya jiko mpaka mbele, akafuta kiti kwa kitambaa, akanikandamiza bega nikae.

Kahawa yao haina haraka. Inadondoka tone tone kutoka kikopo cha bati, inaingia kwenye glasi yenye maziwa mazito ya kopo. Mwenzangu akaiona saa ukutani.

"Bwana we, honi! Tutafukuzwa kazi!"

"Tangulia," nilimwambia. "Mimi nimekaa."

Niliona aibu, si mbele ya yule bibi, bali kwa miguu yangu ile, na nilimwonea baba uchungu. Mwenzangu naye akakaa, akiulaani ukoo wangu kwa Kihehe. Tulimaliza glasi zetu, ndipo tukakimbia, kanzu nimeipandisha magotini, honi inalia. Kwa kuchelewa kule nilimenya vitunguu peke yangu siku zote za kurudi. Nilivimenya nikipiga mluzi.

Nilipofika Mbeya nilimsimulia baba yote. Alisikiliza huku akikunja vitambaa vyake. Jumamosi alipochukua kikapu chake cha mikate nikamwambia leo tunapita mbele.

"Unataka kunitia aibu uzeeni?"

"Aibu iko kule jalalani, baba."

Nilidhani atanizaba kofi. Alivaa viatu vyake, akatoka, nami nyuma yake. Hotelini alipanda ngazi za mbele mwenyewe, akakaa kwenye meza ya barazani. Mhudumu, jirani yetu wa Ilomba tuliyeswali naye msikiti mmoja, alikuja mbio.

"Shikamoo, mzee. Tafadhali, nyuma."

"Marahaba," alijibu baba, na hakuinuka.

Meneja alikuja akafoka, akaondoka. Wazungu wakahama meza. Hakuna aliyetuletea hata maji. Baba alikipakata kikapu kitupu, nami nikaogopa kwamba nimemvunjia heshima ya maisha yake yote. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Hapo alisimama, akakung'uta kanzu, akamwita mhudumu kwa sauti iliyofika jikoni.

"Mwambie bwana wako mikate abaki nayo. Kiti nimekipenda. Jumamosi ijayo nakuja na birika langu."